Ua wa Simba Huchorwa na Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wakiingia bustani ya wanyama humtazama mnyama. Mimi huanza na sakafu, nikautazama mlango wa nyuma, nikautafuta mti ulio karibu na ukuta, ndipo nikamtazama mnyama mwenyewe. Wanaofuatana nami huchoka upesi, na katika kuchoka kwao huuliza. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila mara. Mengine yana majibu marefu, mengine hayahitaji.

Kizimba, ua, banda, boma: si kitu kimoja?

La. Kizimba kina chuma au wavu pande zote na juu. Ua ni eneo la nje lililozungushiwa kitu, kiwe ukuta, kioo, uzio au handaki. Banda ni chumba cha ndani, mnyama anamolala na kupata joto au kivuli. Boma nalo limesafiri kuliko sisi: wataalamu wa wanyamapori huko Afrika Kusini, Ulaya na Marekani hulitumia katika Kiingereza chao bila kulitafsiri, wakimaanisha ua mdogo wa kumshikia mnyama aliyekamatwa au anayehamishwa. Ukilikuta kwenye ramani ya bustani ya ng'ambo, usiulize maana yake. Ni la kwenu.

Nani hasa huchora nyua hizi?

Msanifu majengo, msanifu wa mandhari, mhandisi, daktari wa wanyama na mtunzaji. Mtunzaji ndiye anayejua kwamba dume hili huogopa vizingiti na kwamba jike lile hufungua komeo kwa ulimi, na mara nyingi ndiye anayeitwa wa mwisho, saruji ikiwa imekwisha kukauka.

Kazi hii ina wateja watatu: mnyama, mtunzaji na mgeni. Anayelipa kiingilio ni mmoja tu, na sehemu kubwa ya historia ya nyua ni historia ya kumpendelea huyo mmoja.

Vyuma viliondoka lini?

Bustani ya Schönbrunn mjini Vienna, iliyoanzishwa 1752 na iliyo wazi hadi leo, ilipangwa kama chungwa lililokatwa: kibanda cha mfalme katikati, nyua zikitanda pande zote kama vipande. Mfalme akiketi pale aliwaona wanyama wake wote kwa kugeuza shingo tu.

Aliyegeuza mambo ni Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg. Mwaka 1896 alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya maonyesho yasiyo na vyuma, na 1907 akafungua bustani yake Stellingen. Ukisimama mahali alipokupangia, uliona bwawa la ndege mbele, nyuma yake wanyama wala majani, nyuma zaidi simba, na juu kabisa mbuzi wa milimani kwenye majabali. Ungeapa kwamba simba angeweza kuteremka akamkamata mla majani wakati wowote. Kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na handaki lililofichwa, ambalo upana wake ulitokana na kuwapima wanyama wanaruka umbali gani. Majabali yalikuwa ya bandia, kazi ya mchongaji wa Uswisi aitwaye Urs Eggenschwyler.

Ni ufundi wa hali ya juu, sikatai. Lakini hesabu eneo. Handaki pana hula ardhi ambayo simba angeitembelea, na jabali la saruji jua la mchana hulichoma kama kikaango. Savana ilikuwa machoni pa mgeni. Simba alikuwa na baraza la mawe.

Ni kweli kwamba watu nao waliwahi kuonyeshwa hivyo?

Ni kweli. Hagenbeck huyo huyo alianza kuonyesha watu 1874, kwanza Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, kisha watu wa Nubia. Septemba 1906, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya Bronx Zoo, New York, umati ukaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga mpaka akaondolewa. Alijiua 1916. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi hadharani mwaka 2020. Kila ninapomsikia mtu akisifu jinsi wasanifu wa zamani walivyojua kumpangia mgeni pa kusimama na pa kutazama, jina hilo hunijia.

Nimesikia kuna jengo maarufu London lililowaumiza pengwini. Ilikuwaje?

Ni bwawa la pengwini la London Zoo, la mwaka 1934, lililochorwa na Berthold Lubetkin na wenzake wa kampuni ya usanifu ya Tecton, mhandisi akiwa Ove Arup. Bwawa lina umbo la yai, na juu yake njia mbili za zege zinapishana hewani kama utepe uliofunguliwa, bila nguzo katikati. Wakati ule zege namna hiyo ilikuwa kama mazingaombwe. Wanafunzi wa usanifu bado huenda kulitazama, na nikisema silipendi nitakuwa mwongo.

Sasa jiweke miguuni mwa pengwini. Mchana kutwa unapanda na kushuka zege. Kokoto hakuna, mchanga hakuna, pa kuchimba kiota hakuna, na maji ni ya kina kifupi kwa ndege aliyeumbwa kuzama. Ukarabati wa miaka ya 1980 uliifanya sakafu iwe na mikwaruzo zaidi, na ndege wakapata vidonda vya nyayo. Mwaka 2004 waliondolewa. Mwaka 2011 walifunguliwa ufuko mpya wenye mchanga na maji ya kutosha, sehemu nyingine ya bustani. Lile jengo linalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa, kwa hiyo halibomolewi, na halifai kuwekewa ndege. Limebaki kama sinia la dhahabu lisilopakuliwa chakula.

Bustani hiyo hiyo ina nyumba ya twiga iliyochorwa na Decimus Burton katika miaka ya 1830. Ni ya matofali, haina madaha, milango yake ni mirefu kwa sababu twiga ni mrefu. Watalii wachache huipiga picha. Twiga waliendelea kuishi humo hadi karne hii.

Huu mtindo wa kumfanya mgeni ajione yuko msituni ulianzia wapi?

Seattle, Woodland Park Zoo, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mkurugenzi alikuwa David Hancocks, naye ni msanifu majengo, na kazi ya mandhari ilifanywa na kampuni ya Jones & Jones, Grant Jones na Jon Coe wakiwa miongoni mwao. Walianza na makao ya masokwe aina ya gorila. Hadi hapo gorila wengi wa bustani waliishi kwenye vyumba vya vigae na zege, kwa hoja kwamba ni rahisi kupiga maji na kuua vijidudu. Wataalamu wengine walionya: ukiwapa miti wataing'oa, watapanda, wataanguka. Wakapewa miti, nyasi, kijito na vichaka. Waling'oa baadhi, ndiyo. Na walikaa.

Kanuni za mtindo huu si nyingi. Mgeni apite ndani ya mandhari ile ile anayoishi mnyama, mimea ile ile iendelee pande zote mbili, ili mpaka usionekane. Mnyama awe sawa na macho ya mgeni au juu yake, kwa maana anayetazamwa kutoka juu kama aliye shimoni hudharauliwa, hata mtazamaji asipokusudia. Wageni wasionane kutoka ng'ambo ya ua, kwa sababu kofia ya njano ikitokea nyuma ya gorila, msitu umekwisha. Njia ikunje, isionyeshe yote kwa mkupuo.

Mimi naona kanuni ya urefu wa macho ndiyo iliyo bora kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa shimo ni rahisi kuchimba.

Mbona kuna mti mzuri ndani ya ua na mnyama hausogelei?

Tazama shina lake. Huenda utaona nyaya nyembamba zimezungushwa, zina umeme. Mti umehifadhiwa dhidi ya mnyama, kwa sababu tembo akiachwa naye wiki moja ataubambua magome yote, na mti mkubwa huchukua miaka thelathini kukua. Zipo hata nyasi na kamba-mwitu za bandia zenye umeme, zilizotengenezwa ili mgeni azione ni mimea na mnyama azijue ni pigo.

Hapa ndipo ninapobishana na wasanifu wenzangu. Hoja ya kuulinda mti naielewa, maana bila hivyo baada ya mwaka mmoja ua wote ni vumbi. Lakini ua ukiwa na vitu vya kijani ishirini na vyote vina umeme, basi mnyama anaishi uwanjani patupu, amezungukwa na picha. Suluhisho lipo, nalo lina gharama ya kazi: kulinda miti michache ya kivuli, kisha kila siku kuleta matawi mabichi ya kuliwa na kuvunjwa, magogo ya kukwaruzwa, vichaka vinavyochipuka upesi na vinavyobadilishwa kwa zamu, kipande kimoja kikipumzishwa kingine kikitumika, kama mfugaji anavyopumzisha malisho. Ukitaka kujua bustani ina nia gani, uliza matawi yanatoka wapi.

Kwa nini bustani za ng'ambo zina mibuyu ya saruji na vibao vya Kiswahili?

Mibuyu ya saruji ni kwa sababu mbuyu wa kweli hauvumilii barafu, na wa kweli ungechukua vizazi kunenepa. Wa bandia huficha mambo ndani yake: chombo cha chakula, stoo, hata mabomba. Migunga nayo huigizwa. Marekani hupandwa miti mingine yenye majani madogo madogo, ikapogolewa kichwa bapa. Disney ilipofungua bustani yake ya wanyama Florida mwaka 1998, mialoni ya huko ilinyolewa mpaka ikafanana na migunga kwa mtu anayepita garini.

Bustani hiyo ya Disney ndiyo pia yenye kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, kuta zake zikiiga Lamu, vibao vya Kiswahili kila upande. Plasta imechubuliwa kwa makusudi ili ionekane ya kale. Mtu wa Lamu, anayehangaika miaka yote ili ukuta wake wa matumbawe usichubuke, angecheka au angelia.

Bustani ya wanyama ya Zürich, Uswisi, ina savana iliyofunguliwa 2020 inayoitwa Lewa, jina la hifadhi ya Kenya ambayo bustani hiyo huisaidia. Humo nako mna mibuyu bandia. Lewa yenyewe iko nyanda za juu, jirani na Mlima Kenya, ilhali mbuyu ni mti wa nchi ya chini yenye joto. Twiga hawajalalamika. Wao huangalia kama tawini pana chakula.

Ukuta uwe na urefu gani?

Inategemea nani yuko ndani, na asiwepo mtu wa kubahatisha. Tarehe 25 Desemba 2007, chui milia aitwaye Tatiana alitoka kwenye ua wake San Francisco, akamuua mgeni mmoja na kujeruhi wawili, kisha polisi wakampiga risasi. Ukuta wa handaki ulipopimwa ulikutwa na urefu wa mita 3.8 hivi. Mwongozo wa chama cha bustani za wanyama cha Marekani ulikuwa mita 5. Ua huo ulikuwa umetumika miongo mingi, na kwa hilo watu wakaamini urefu unatosha.

Upande wa pili wa uzio nao una hesabu yake. Mei 2016, mtoto wa miaka mitatu alipenya kizuizi cha wageni katika bustani ya Cincinnati, Marekani, akaangukia handakini, na gorila aliyeitwa Harambe, jina lililotokana na harambee yetu, akauawa ili mtoto aokolewe. Baadaye kizuizi kiliinuliwa na kuongezwa wavu wa kamba. Uzio wa wageni lazima upimwe kwa mwili wa mtoto: anapita wapi, anakanyaga nini, anaweza kujipenyeza kati ya vichaka? Vichaka vizuri vya kuficha uzio ndivyo humpa mtoto njia. Hili ni kosa la bustani, la upandaji kabisa, na msanifu wa mandhari asimsukumie mhandisi.

Handaki la maji, la kavu, au kioo?

Kioo cha tabaka humleta mgeni hadi pua kwa pua, lakini huchafuka, hung'aa jua likiwa nyuma yako, na watoto hukigonga. Handaki kavu hula nafasi. Maji ni mazuri machoni, ila masokwe hawaogelei na wamewahi kuzama katika bustani mbalimbali, kwa hiyo ukingo uwe wa mteremko mdogo, uwe na wavu au kamba chini ya maji za kushikilia. Kwa tembo, handaki lenye kingo za wima ni hatari: akisukumwa na mwenzake akaanguka, utamtoaje?

Ua mkubwa si ndio bora?

Ukubwa husaidia, na kwa wanyama wengine hakuna ukubwa utakaotosha. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha uchunguzi kuhusu wanyama wala nyama: wale ambao porini huzunguka eneo kubwa ndio waliokwenda na kurudi mle mle zaidi wakiwa kifungoni, na ndio waliopoteza watoto wengi zaidi. Dubu mweupe alikuwa mfano mbaya kuliko wote, ua wake wa kawaida ukiwa kama sehemu moja ya milioni ya eneo analozunguka kwao. Kwa dubu huyo sina mchoro. Nikiulizwa nitasema asifugwe.

Kwa wengine, kinachohesabika ni yaliyomo. Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, aliona kwamba mnyama wa porini naye hatembei ovyo. Ana mipaka, ana mahali pa kulala, pa kuchungulia, pa kuoga, pa kuweka alama, na njia zinazoviunganisha, kama nyumba yenye vyumba. Alieleza pia umbali ambao mnyama akisogelewa zaidi yake hukimbia. Ua usiokuwa na nafasi ya kurudi nyuma kwa umbali huo humweka mnyama katika hofu isiyokwisha.

Nafasi yaweza pia kupatikana juu. Bustani ya taifa ya Washington tangu 1995 ina nyaya nene zilizotundikwa kwenye minara, orangutani wakipita juu ya vichwa vya wageni kutoka jengo moja hadi jingine. Philadelphia, ambako bustani ni ndogo na jiji limeibana, walianza 2011 kujenga njia za wavu zinazopita juu ya wageni, wanyama tofauti wakizitumia kwa zamu. Chui milia akipita juu yako ukinywa soda, huulizi tena nani anamtazama nani.

Na sehemu ambayo wageni hawaioni?

Hiyo ndiyo ninayoiomba kuoneshwa kwanza, na mara nyingi nakataliwa. Mnyama huweza kukaa ndani saa nyingi kuliko nje, usiku kucha, na katika nchi za baridi miezi mizima. Fedha zikipungua, zinakatwa huko. Nje majabali ya kupendeza, ndani chumba cha zege chenye mfereji wa maji machafu. Tembo waliosimama miaka kwenye zege wameugua miguu, ndiyo sababu mabanda mapya yanawekwa mchanga mzito sakafuni.

Kwa mtunzaji, banda ni suala la uhai. Milango iwe miwili, mmoja usifunguke kabla mwingine hajaufunga. Awe na pa kuchungulia na kuhesabu wanyama kabla hajaingia. Vishikio vya milango ya kuteleza viwe mahali asipofikiwa na kucha. Pembe zisizoonekana zisiwepo. Mchoro ukiwa na kona hata moja ambayo simba anaweza kulala asionekane, urudishwe mezani.

Wanyama wa usiku hupangiwaje?

Saa hugeuzwa. Mchana chumba kinawekwa mwanga hafifu, usiku taa zinawashwa, na komba au popo hucheza mgeni akiwepo. Kuta zinyonye sauti. Wageni watapiga kelele hata hivyo.

Afrika Mashariki kuna mfano wa kujivunia?

Upo, Bamburi, Mombasa, na ulianza bila mnyama yeyote. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 kikaacha uwanja mweupe, wa moto, wenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu miti ya aina nyingi. Mvinje ndio uliokubali, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni. Ila majani yake ya sindano yalirundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo, wakala, na kinyesi chao kikawa udongo. Waswahili husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hapa mti ulihifadhiwa kwa ajili ya jongoo. Kivuli kikaja, udongo ukaja, mabwawa yakaja, ndipo viboko, pofu na twiga wakaletwa. Mandhari ilitangulia na wanyama wakafuata, mpangilio ambao bustani nyingi tajiri hazikuwahi kuufuata.

Huko ndiko alikopelekwa Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, akajificha kama nyuma ya mwamba. Hakuna msanifu aliyechora hilo, lakini ndama yule alionesha anachotaka mnyama mgeni kabla ya kitu kingine chochote: pa kujificha.

Nairobi kuna Safari Walk, ambako mgeni hutembea kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa, akipita juu ya kinamasi, mbuga na msitu. Uganda kuna kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, tangu 1998: msitu wa ekari kama 100, sokwe mtu waliookolewa, na ziwa lenyewe ndilo handaki. Jioni wanaotaka kulala bandani huja wenyewe.

Nimelipa kiingilio, nimemleta mtoto, na chui hajaonekana. Ni haki?

Chui amepewa kichaka na amekitumia, maana yake ua unafanya kazi. Msanifu mzuri hukupatia mahali pawili patatu pa kutazamia, na huweka jiwe lenye joto au tawi pana karibu na kioo ili chui mwenyewe apende kuja. Mwambie mtoto akae kimya dakika kumi. Ikishindikana, njooni kesho asubuhi mapema, kabla jua halijakali. Na usigonge kioo.